Tom Mboya: Kutoka Ziwani hadi Wizara ya Mipango ya Uchumi

Utangulizi

Kila siku maelfu ya wakazi wa mitaa ya mashariki mwa Nairobi, ile inayojulikana kwa jumla kama Eastlands, hushuka kwenye matatu na kukanyaga barabara yenye jina la Tom Mboya. Wengi wao hupita bila kutafakari kwamba mwenye jina hilo aliwahi kuwa jirani yao. Aliishi katika nyumba ya Baraza la Jiji mtaani Ziwani, akahutubia mikutano katika kumbi na viwanja vya mitaa hiyo, na kura za wakazi wake ndizo zilizompeleka Bungeni.

Mengi yameandikwa kuhusu Mboya mwanasiasa, na hasa kuhusu namna alivyouawa. Aidha, vizazi vingi vinamkumbuka kwa safari za ndege zilizowapeleka vijana wa Afrika Mashariki kusoma Marekani. Upande mmoja wa maisha yake hauzungumzwi sana, nao ni mchango wake kama mwanauchumi wa taifa changa. Ikumbukwe kwamba Mboya hakuwa na shahada ya uchumi. Hata hivyo, alipouawa mwaka 1969 alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo, na waraka uliotoka katika wizara yake mwaka 1965 uliamua kwa miongo mingi ni sehemu zipi za Kenya zingepata fedha za maendeleo na zipi zingesubiri.

Makala haya yanadhamiria kuyafuatilia maisha hayo tangu utotoni hadi mauti, na kuonyesha jinsi uchumi aliojifunza Mboya katika mitaa ya Eastlands ulivyoshabihiana, na pia ulivyotofautiana, na ule aliouandikia taifa zima.

Malezi na Elimu

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la katani la Mzungu. Wazazi wake, Leonard Ndiege na Marcella Awuor, walikuwa wenyeji wa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria. Baba yake alikuwa amekuja huko kutafuta kazi na hatimaye akawa nyapara wa wakata katani. Kwa hivyo, mtoto huyu alifungua macho mahali ambapo watu wa makabila mbalimbali waliishi pamoja wakitegemea ujira wa mwisho wa mwezi. Alikua akizungumza Kikamba, Kikuyu na Kiswahili pamoja na Kijaluo. Lugha hizo zilikuja kumfaa sana alipoanza kuwaunganisha wafanyakazi wa Nairobi.

Masomo yake aliyapata katika shule za misheni ya Kikatoliki: Kabaa huko Ukambani, kisha St. Mary's Yala, na baadaye Mang'u, iliyokuwa miongoni mwa shule chache za sekondari zilizowapokea Waafrika. Ingawa alikuwa na uwezo wa kuendelea, karo ilikuwa mzigo mzito kwa baba mwenye mshahara wa nyapara na watoto wengine wa kulea. Ilimbidi Mboya aiache njia ya elimu ya juu na kutafuta mafunzo ambayo hayakuhitaji fedha za wazazi. Mwaka 1948 alijiunga na Jeanes School iliyokuwa Kabete kusomea ukaguzi wa afya.

Jambo hili si dogo. Kijana aliyenyimwa chuo kikuu na umaskini ndiye aliyekuja kuwatafutia wengine nafasi katika vyuo vikuu. Yeye mwenyewe aliendelea kujisomea kwa njia ya posta wakati wa usiku baada ya kazi.

Darasa la Eastlands

Mwaka 1951 Mboya alianza kazi kama mkaguzi wa afya katika Baraza la Jiji la Nairobi. Mji ulikuwa umepewa hadhi ya jiji mwaka mmoja tu kabla. Ni muhimu tuuelewe mpangilio wa jiji hilo, maana ndilo lililokuwa darasa lake la kwanza la uchumi.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imewatenga wakazi wa Nairobi kwa misingi ya rangi. Wazungu walikaa kwenye vilima vya magharibi, Wahindi katika sehemu kama vile Ngara na Parklands, na Waafrika wakasukumwa upande wa mashariki, ng'ambo ya reli na viwanda. Huko ndiko kulikojengwa Pumwani katika miaka ya 1920, na baadaye Shauri Moyo, Starehe, Ziwani na Kaloleni, pamoja na nyumba za wafanyakazi wa reli za Muthurwa na Makongeni. Sera ya makazi ilimchukulia mfanyakazi Mwafrika kuwa mgeni wa muda aliyemwacha mkewe na watoto shambani. Kwa hivyo, alipangishiwa nafasi ya kitanda katika chumba kilichotumiwa na wanaume kadhaa, na mshahara wake ulikadiriwa kwa mahitaji ya mtu mmoja. Ikiwa alikuwa na familia, ilidhaniwa kwamba shamba la mkewe ndilo lingeilisha.

Mkaguzi wa afya ni mtu anayeingia kila mahali. Hukagua maduka ya vyakula na vichinjio, hupima maziwa, huangalia mitaro na vyoo, na huhesabu watu waliolala katika chumba kimoja. Kupitia kazi hiyo Mboya aliona kwa macho yake uhusiano uliopo kati ya mshahara, kodi ya nyumba, bei ya unga na afya ya mtoto. Katika ofisi yake mwenyewe alikuta somo jingine: wakaguzi Waafrika walilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa wenzao Wazungu kwa kazi ile ile. Baadaye alisimulia jinsi mwanamke mmoja wa Kizungu alivyoingia ofisini alimokuwa akipima maziwa, akamtazama, kisha akauliza kama hakukuwa na mtu mle ndani.

Mboya hakujibu dhuluma hizo kwa hasira. Alijibu kwa kuunda chombo. Alichukua uongozi wa chama cha watumishi Waafrika wa Baraza la Jiji, akakigeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi kilichosajiliwa, na kuwasajili wanachama wengi kwa muda mfupi. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 23, alichaguliwa kuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vilivyosajiliwa, lililobadilisha jina mwaka 1955 na kuitwa Kenya Federation of Labour.

Mishahara na Hali ya Hatari

Shirikisho hilo lilikuwa na watangulizi. Mnamo Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alikuwa ametoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Majuma machache baadaye yeye na Fred Kubai walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakafanya mgomo mkubwa. Makhan Singh alizuiliwa hadi mwaka 1961. Mboya alirithi uwanja uliokuwa umelimwa na watu hao, ingawa mbinu zake zilikuwa tofauti. Alipenda kujadiliana na kutafuta mapatano yaliyoandikwa, na alitumia mgomo kwa hesabu.

Hali ya Hatari ilitangazwa mwezi Oktoba 1952, na chama cha KAU kikapigwa marufuku mwaka uliofuata. Tangu hapo, vyama vya wafanyakazi vilibaki kuwa karibu chombo pekee halali cha kitaifa kilichoweza kuwasemea Waafrika. Tarehe 24 Aprili 1954, majeshi ya Uingereza yaliizingira mitaa ya Eastlands katika operesheni iliyoitwa Anvil. Makumi ya maelfu ya wakazi, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, walikamatwa na kupelekwa vizuizini, wakiwemo viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi. Mboya, ambaye hakuwa wa jamii hizo, alibaki nje na kuwatetea waliozuiliwa pamoja na familia zilizofukuzwa katika nyumba zao.

Katika mwaka huo huo kamati ya serikali iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilitoa ripoti kuhusu mishahara ya Waafrika. Ilikubali hoja ambayo vyama vya wafanyakazi vilikuwa vikiitetea, kwamba mshahara wa mtu mmoja haungeweza kumfanya mfanyakazi atulie mjini na kuwa stadi katika kazi yake. Ikapendekeza kima cha chini kipandishwe hatua kwa hatua hadi kifikie kiwango cha kuitunza familia. Mwaka 1955 makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, Mboya alisafiri huko, akawashawishi warudi kazini na akawasilisha hoja zao mbele ya baraza la usuluhishi. Nyongeza waliyopata ilimjengea sifa kote nchini.

Baada ya hapo alipata nafasi ya kusoma kwa mwaka mmoja, 1955 hadi 1956, katika Ruskin College mjini Oxford, chuo kinachopokea watu waliotoka katika kazi na vyama vya wafanyakazi. Huo ndio mwaka pekee aliousomea siasa, uchumi na uhusiano wa kikazi darasani. Kutoka Uingereza alizuru Marekani, ambako shirikisho la wafanyakazi la AFL-CIO liliahidi msaada wa kujenga makao ya vyama vya wafanyakazi jijini Nairobi. Jengo hilo, Solidarity, lingali limesimama katika Barabara ya Digo karibu na Gikomba. Wapinzani wake hawakukoma kumshutumu kwamba alitegemea fedha za Magharibi, na shutuma hiyo ilimfuata hadi kaburini.

Kutoka Kaloleni hadi Serikalini

Mwaka 1957 Waafrika waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Mboya alimshinda wakili Argwings-Kodhek kwa kura chache na kuwa mjumbe wa Nairobi. Alianzisha chama cha People's Convention Party, kilichokuwa na matawi madogo madogo mitaani na ambacho mikutano yake iliwavuta wakazi wa Eastlands kwa wingi. Katika mikutano hiyo alitumia Kiswahili kueleza masuala ya katiba, mishahara na ardhi kwa namna ambayo kuli, mpishi na karani waliielewa. Mwezi Desemba 1958, akiwa na miaka 28, alikuwa mwenyekiti wa kongamano la watu wa Afrika lililofanyika Accra nchini Ghana.

Mwezi Septemba 1959 ndege ya kwanza iliyobeba wanafunzi 81 iliondoka Nairobi kwenda Marekani. Hadi mwaka 1963 mamia ya vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wamepelekwa kwa mpango huo. Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa walioondoka mwaka 1960. Tukiutazama kwa jicho la kiuchumi, mpango huo ulikuwa uwekezaji. Mboya alitambua kwamba nchi isiyo na wahandisi, wahasibu na walimu wake ingepata bendera na wimbo wa taifa huku hazina ikiendelea kushikwa na wageni.

Katika uchaguzi wa mwaka 1961, Mboya alisimama katika eneo la Nairobi Mashariki dhidi ya Dkt. Munyua Waiyaki. Wengi walitarajia kwamba Wakikuyu wangempigia kura mwenzao. Matokeo yalikuwa kinyume: Mboya alipata takribani kura tisa katika kila kumi. Wafanyakazi wa mitaa ile walikuwa wamepiga kura kwa kuangalia mshahara na uhuru, si ukoo. Baadaye aliwakilisha Nairobi ya Kati, eneo ambalo leo ni Kamukunji.

Alipofanywa Waziri wa Leba mwaka 1962, nchi ilikuwa imekumbwa na migomo mingi. Mnamo Oktoba mwaka huo waajiri, vyama vya wafanyakazi na serikali walitia saini mkataba wa uhusiano wa kikazi, uliozitaka pande zote kujadiliana kabla ya kugoma au kufunga milango ya kiwanda. Hapa ndipo tunapoanza kuona mabadiliko. Aliyekuwa akiomba nyongeza sasa alikuwa upande wa pili wa meza, akihesabu kama taifa lingeweza kuilipa.

Waraka Nambari 10

Baada ya uhuru Mboya alihudumu kama Waziri wa Haki na Masuala ya Katiba. Kenya ilipokuwa jamhuri mwezi Desemba 1964, alipewa Wizara ya Mipango ya Uchumi na Maendeleo. Miezi michache baadaye, mwaka 1965, serikali ilitoa Waraka Nambari 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika na matumizi yake katika mipango ya Kenya. Mboya ndiye aliyeusimamia na kuutetea Bungeni. Miongoni mwa wanaotajwa kuuandaa ni mshauri wa kiuchumi kutoka Marekani, Edgar Edwards, na Mwai Kibaki, kijana aliyekuwa amefundisha uchumi katika chuo cha Makerere. Kwa sadfa, Kibaki naye alikuwa mbunge wa Eastlands, katika eneo la Doonholm lililokuja kuitwa Bahati.

Waraka huo ulikataa ukomunisti, ukakataa pia ubepari usiodhibitiwa. Ulitaja mila za Kiafrika za kusaidiana na kuahidi usawa wa kisiasa na haki ya kijamii. Hata hivyo, katika utekelezaji ulilinda mali ya watu binafsi, ukakaribisha mtaji wa kigeni, ukahimiza utoaji wa hati za kumiliki ardhi, na kuutaja utaifishaji kama njia ya kutumiwa mara chache.

Sehemu iliyoacha athari kubwa zaidi ni ile iliyohusu ugavi wa fedha za maendeleo. Hoja yake tunaweza kuieleza kwa mfano wa mkulima mwenye debe moja tu la mbegu. Mkulima huyo ana shamba moja lenye rutuba na jingine lenye changarawe. Akizigawa mbegu sawasawa, mavuno yatakuwa haba. Akizipanda zote penye rutuba, atavuna magunia mengi, na mwakani atakuwa na mbegu za kutosha na mbolea ya kulifufua shamba la changarawe. Vivyo hivyo, waraka ulisema fedha zielekezwe kwanza katika sehemu zenye ardhi nzuri, mvua, barabara na watu walio tayari kwa maendeleo, ili pato la taifa likue haraka, kisha faida igawiwe sehemu nyingine.

Kihesabu, hoja hii ina mantiki. Kenya ilikuwa maskini, na Mboya alijua kwamba huwezi kugawa kisichokuwepo. Kasoro yake ni kwamba iliacha swali moja bila jibu: ni nani atakayemlazimisha mwenye shamba la rutuba kuleta mbolea mwakani? Watu wa Turkana, Wajir, Marsabit na sehemu kame nyinginezo walikuwa wamepuuzwa na mkoloni kwa sababu hiyo hiyo, kwamba ardhi yao haikuwa na faida. Sasa serikali yao wenyewe iliwaambia wangoje, lakini haikuwaambia wangengoja hadi lini.

Wapinzani wa Waraka

Haikuchukua muda kabla ya wapinzani kujitokeza. Oginga Odinga na Bildad Kaggia walitaka ardhi iliyoachwa na walowezi igawiwe wasio na ardhi bila malipo. Pio Gama Pinto, mmoja wa wanafikra wakuu wa kundi hilo, alikuwa ameuawa mwezi Februari 1965, kabla ya waraka kutolewa. Mwezi Julai mwaka huo, mwanauchumi Barack Obama, babaye aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, alichapisha uhakiki katika jarida la East Africa Journal. Obama alikuwa rafiki wa Mboya, lakini urafiki haukumzuia kuuliza maswali mazito. Alitaka kujua ni vipi pengo la matajiri na maskini lingezibwa ikiwa biashara na viwanda vingebaki mikononi mwa wageni na watu wachache, na alitilia shaka mpango wa kumpa kila mtu hati yake ya ardhi badala ya kuujenga ushirika juu ya misingi ya koo.

Mboya aliwashinda wapinzani wake kisiasa. Mwezi Machi 1966 alikuwa nguzo ya mkutano wa KANU wa Limuru, uliomwondoa Odinga katika wadhifa wa makamu wa rais wa chama. Odinga na Kaggia walihamia chama cha KPU. Kwa upande wa wafanyakazi, mwaka 1965 shirikisho alilolijenga Mboya lilivunjwa pamoja na lile lililolipinga, na COTU ikaundwa chini ya uangalizi wa karibu wa serikali. Katika mwaka huo huo sheria ya migogoro ya kikazi iliufanya mgomo kuwa mgumu sana. Kwa hivyo, mitaa ile ile iliyomwinua kwa nguvu ya mgomo ilijikuta imepokonywa silaha hiyo na serikali ambayo yeye alikuwa mmoja wa mawaziri wake wakuu. Wahenga walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Mboya aliijua njaa vizuri, lakini aliamini kwamba nyongeza ya mshahara wa walio na kazi ingewafungia mlango wasio nayo.

Tatizo hilo la ajira lilikuwa la kweli. Katika mapatano ya mwaka 1964, waajiri walikubali kuongeza idadi ya wafanyakazi kwa asilimia 10 na serikali kwa asilimia 15, huku vyama vya wafanyakazi vikikubali kutodai nyongeza kwa mwaka mmoja. Watu waliojitokeza kujiandikisha walizidi sana nafasi zilizopatikana, kwani habari za kazi ziliwavuta wengine kutoka mashambani. Wanauchumi John Harris na Michael Todaro, waliofanya utafiti nchini Kenya katika miaka hiyo, walikuja kueleza katika makala yao ya mwaka 1970 kwa nini kuongeza kazi za mjini kunaweza kuongeza pia idadi ya wasio na kazi mjini.

Mboya mwenyewe aliliona jambo hilo mapema. Mkutano uliofanyika Kericho mwaka 1966 kuhusu elimu, ajira na maendeleo ya mashambani ulionyesha kwamba wapangaji walikuwa wameanza kuitazama upya dhana ya ukuaji, na mpango wa maendeleo wa mwaka 1970 hadi 1974, ulioandaliwa katika kipindi chake, uliyapa mashamba uzito zaidi. Haijulikani angefika wapi, kwa sababu hakuishi kuutekeleza.

Suala la Lugha

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunalo jambo la ziada la kuzingatia. Katika kumbi za Eastlands, uchumi ulijadiliwa kwa Kiswahili. Mfanyakazi aliweza kusimama, kuuliza na kubisha. Waraka Nambari 10 uliandikwa kwa Kiingereza, ukajadiliwa kwa Kiingereza katika Bunge ambalo halikuruhusu Kiswahili hadi mwaka 1974. Mchungaji wa Marsabit na mchuuzi wa Gikomba hawakuwa na njia ya kubishana na hati iliyoamua mustakabali wao. Tukilinganisha na Tanzania, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimfikia mkulima katika lugha aliyoweza kuihoji. Yapo mengi ya kukosoa katika utekelezaji wa Azimio hilo, lakini istilahi kama vile ujamaa, unyonyaji na kujitegemea zilimpa mwananchi wa kawaida maneno ya kuikosoa hata serikali iliyozibuni. Nchini Kenya, msamiati wa mipango ya uchumi ulibaki ofisini.

Mauti

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, muda mfupi baada ya saa saba mchana, Mboya alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye barabara iliyoitwa Government Road wakati huo, ambayo leo ni Moi Avenue. Alikuwa na umri wa miaka 38, na aliacha mjane, Pamela, na watoto wadogo. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji hayo na kunyongwa mwaka huo huo. Obama alikuwa miongoni mwa mashahidi waliotoa ushahidi mahakamani. Swali la nani aliyemtuma muuaji halikujibiwa.

Jiji lilizizima. Wakati wa ibada katika kanisa la Holy Family kulizuka ghasia na polisi wakatumia mabomu ya machozi. Msafara wa mazishi ulielekea magharibi hadi Rusinga, alikozikwa. Nchi ambamo Mboya alipata kura tisa katika kila kumi katika eneo la Nairobi Mashariki mwaka 1961 bila kuulizwa kabila lake ilianza kugawanyika kwa misingi hiyo hiyo ya kikabila, na haijapona kabisa hadi leo.

Hitimisho

Tuyapime vipi maisha haya? Uchumi wa Kenya ulikua kwa takribani asilimia 6 kila mwaka katika mwongo wa kwanza wa uhuru, na Mboya anastahili sehemu ya sifa hiyo. Hata hivyo, mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulichunguza ajira nchini na kuonyesha kwamba ukuaji huo haukuwafikia wengi. Ujumbe huo uliwatazama mafundi na wachuuzi ambao baadaye tulikuja kuwaita watu wa jua kali, ukasema kwamba walikuwa wakizalisha mali bila kutambuliwa wala kusaidiwa. Wengi wa aina hiyo walifanya kazi Gikomba, ng'ambo tu ya jengo la Solidarity.

Ilibidi kungoja Katiba ya mwaka 2010 ili pawepo magatuzi na hazina maalum ya kuzisaidia sehemu zilizoachwa nyuma. Hiyo ndiyo mbolea ya shamba la changarawe, nayo ilichelewa kwa miaka 45. Mwaka uliofuata, Kibaki, akiwa Rais, alizindua sanamu ya Mboya hatua chache kutoka mahali alipouawa. Waliokuwa wabunge jirani wa Eastlands na kushirikiana katika waraka mmoja walikutana tena, mmoja akiwa hai na mwingine akiwa shaba.

Maoni ya mwandishi wa makala haya ni kwamba kosa la Waraka Nambari 10 halikuwa kutaka mali iongezeke. Kosa lilikuwa kuahidi ugavi bila kuweka tarehe, na bila kumpa anayengoja sauti ya kuudai. Mboya mwenyewe ndiye aliyewafundisha wafanyakazi wa Eastlands kwamba ahadi ya mwajiri isiyo na maandishi, tarehe na chama cha kuisimamia haina thamani. Somo hilo alilitoa Kaloleni kwa Kiswahili, nalo halikuandikwa katika waraka wake. Ni wajibu wetu sisi tunaojifunza lugha hii kuhakikisha kwamba bajeti na mipango ya leo inasomwa, inafasiriwa na kuhojiwa katika lugha ambayo mchuuzi wa Gikomba anaweza kusimama na kuibishia.